Karura: Kijani Si Chakula

Wengi wetu huuona Msitu wa Karura kupitia dirisha la matatu tukija shuleni. Lakini je, mnyama wa humo hula nini Februari, nyasi zikiwa zimekauka?

Msitu huu una hekta 1,041 hivi na ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka wa 1932. Mnamo Januari 1999 marehemu Profesa Wangari Maathai alijeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda mti pale, kwa sababu ardhi ilikuwa imegawiwa watu wajenge. Hayo twayajua. Tusichokiangalia ni kwamba miti yenyewe haifanani.

Kuna sehemu zenye mikaratusi mitupu. Mikaratusi ililetwa Kenya mwaka wa 1902 iwe kuni za gari moshi. Ukisimama chini yake, jamani, kimya! Nyuki hupata maua, lakini kima hapati kitu. Vitunda vyake ni vikavu kama vifungo, na maji huyafyonza kweli kweli.

Sasa teremka hadi mtoni penye mikuyu. Mikuyu haizai pamoja kama miembe. Huu ukimaliza, ule unaanza. Basi kiangazi kikikaza, kima, popo na hondohondo hukimbilia huko. Mbega, waliorudishwa Karura kuanzia 2014 kutoka Kipipiri, wana afadhali: tumbo lao lina vyumba kama la ng'ombe, hivyo majani huwatosha. Kima akikosa matunda utamkuta kwenye pipa la taka.

Masika yakianza, Machi au Aprili, kumbikumbi hutoka ardhini. Hiyo ni karamu! Vyura, ndege, hata kima hujaza mashavu. Mbayuwayu waliokuja kutoka Ulaya mwishoni mwa mwaka hula nao, kisha hao, wanarudi kwao kutaga. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu tu.

Naandika haya kwa sababu shule yetu itapanda miti nyuma ya maabara, na nasikia wengine wanataka mikaratusi eti hukua haraka. Ni kweli hukua haraka. Lakini pale pana kijito, na kiangazi kilichopita kilibaki matope. Walimu wetu, naomba tupande mkuyu kando ya kijito na mringaringa karibu na ua, maana maua yake meupe hupendwa na nyuki. Tena mkuyu hauhitaji pesa: tawi lake likichomekwa ardhini mvua ikianza, hushika.