Mwasumini Unataka Makasi

Kwenye nyumba nyingi za mwambao, kuanzia Lamu hadi Unguja, utaukuta mwasumini kando ya ukuta wa ua. Majani yake hubaki mabichi mwaka mzima, na wenyewe huupenda kiasi cha kuuonea huruma. Huruma hiyo ndiyo inayoukosesha maua.

Asumini huchanua kwenye matawi machanga. Tawi la zamani, lililokwisha kuwa gumu na la kahawia, hukupa majani tu. Kwa hiyo maua yakianza kupungua, chukua makasi makali, punguza matawi kwa thuluthi moja na yaliyokauka yaondoe kabisa. Mwagilia, kisha tia samadi iliyooza vizuri. Kwa kuwa majani yake yamekaa jozi jozi, mara nyingi pale ulipokata huchomoza chipukizi mbili, na kwenye ncha zake matumba hutoka kwa vishada, matatu au zaidi pamoja. Mbolea ya urea iache: huneemesha majani, maua yakaadimika. Mahitaji mengine ni machache, jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji.

Mbegu usihangaike nazo, kwani ni nadra kupatikana. Omba tawi kwa jirani. Chagua lisilo changa sana wala gumu sana, kata kipande cha sentimita 15 hivi chini kidogo ya jicho, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu na ukiweke kivulini mpaka kishike mizizi.

Kuchuma nako kuna wakati wake, nao ni alasiri. Tafuta tumba lililonenepa na kuwa jeupe pe, lakini bado limefumba. Lenye ukijani liache, ukilichuma litanyauka bila kufunguka. Lililokomaa litachanua usiku huohuo mikononi mwako, na ndiyo maana kikuba kilichofungwa jioni, asumini na rehani na mkadi, huzidi kunukia kadiri usiku unavyoingia. Ua lililoachwa mtini halidumu. Baada ya siku moja au mbili hugeuka zambarau na kudondoka.

Wanaoishi ghorofani wasikate tamaa. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha, mradi roshani ipate jua. Na matawi utakayopogoa usiyatupe, wagawie majirani wapande.