Somo la Leo: Jirani Mgeni Akilazwa Hospitali

Leo tutazungumza juu ya jirani aliyetoka nchi nyingine, ambaye ameugua akalazwa hospitali, wala hana ndugu hapa.

Ninyi wakaaji wa Engutoto mnawafahamu majirani wa namna hiyo. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Arusha tangu mwaka 1967 hata ilipovunjika mwaka 1977. Jumuiya ya sasa iliundwa kwa mkataba uliotiwa sahihi hapa hapa mjini, tarehe 30 Novemba 1999. Tena Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imekaa hapa tangu mwaka 2007. Basi mtu wa Bujumbura, wa Kampala, au wa mbali zaidi, aweza kuwa ndiye mliyepakana naye ua.

Pengine mtu huyo ana mshahara mzuri na gari. Usidhani kwamba kwa hiyo hahitaji mtu. Katika nchi nyingi za Ulaya hospitali humpa mgonjwa chakula na kumwogesha, na ndugu huja kumtazama tu. Kwetu mara nyingi ndugu ndio waletao uji asubuhi, ndio wafuao nguo, ndio waendao dirishani kulipa na kuchukua dawa. Mgeni hajui desturi hiyo. Hulala akingoja, na nesi ana vitanda vingi vya kuangalia.

Ukifika wodini, sema kweli: “Mimi ni jirani yake.” Usijiite kaka wala dada ili upite mlangoni. Daktari akikuamini kuwa ndugu atakuuliza habari za ugonjwa wa zamani, nawe utajibu kwa kubahatisha. Mtu mzima mwenye fahamu zake hutia sahihi mwenyewe kukubali kupasuliwa. Akiwa hana fahamu, madaktari wanajua la kufanya ili kuokoa maisha. Kazi yako ni kumtafuta ndugu yake upesi.

Lakini yako mambo unayoyajua wewe tu. Alianguka saa ngapi? Alitapika? Je, kuna dawa aliyokuwa akimeza kila siku? Dawa hizo zilete zikiwa katika pakiti zake, maana jina limeandikwa hapo. Kidonge kilichofungwa katika kipande cha gazeti hakimwambii daktari kitu. Na kama mgonjwa hajui Kiswahili, tafuta mtu wa lugha yake. Mtu asiyeelewa huitikia “ndiyo” kwa adabu tu, na “ndiyo” hiyo yaweza kumletea dawa inayomdhuru.

Chakula kisikutangulie mbele. Mtori wa moto ni kitu kizuri, lakini anayengoja kupasuliwa hapaswi kula, na mwenye kisukari ana chakula chake. Muulize nesi kwanza, ndipo uwashe jiko.

Sasa juu ya ndugu zake. Pigia simu ofisi anayofanyia kazi, kisha ubalozi wa nchi yake. Balozi nyingi ziko Dar es Salaam, kwa hiyo simu yatosha. Kwa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, moja ya kazi za konseli ni kuwasaidia raia wa nchi yake walio ugenini. Lakini ubalozi si benki: kwa kawaida hutafuta jamaa, haulipi gharama za matibabu. Kama hana bima wala fedha, mwone Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali mapema, kabla deni halijakua.

Huenda mtaambiwa kwamba inahitajika damu. Mwaka 1901 daktari Karl Landsteiner alieleza kuwa damu za watu zina makundi. Kundi la damu halifuati kabila wala taifa. Damu ya Mmeru yaweza kumfaa Mrundi kuliko ya ndugu yake wa tumbo moja. Mtu mwenye afya wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito usiopungua kilo 50, aweza kutoa. Mwanamume hutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Damu haiuzwi. Akitokea mtu kukudai fedha ya chupa ya damu, usimpe; toa habari kwa wakuu wa hospitali.

Neno la fedha ni zito. Majirani wengi wema wameharibikiwa jina hapa. Usiingie nyumbani kwa mgonjwa peke yako. Nenda na mjumbe au jirani mwingine. Kila shilingi iandikwe, na kila risiti iwekwe. Ugonjwa wake usiutangaze kwenye daladala. Hiyo ni siri yake, hata kama ninyi ndio mnaomlisha.

Mwaona basi kuandika kunavyofaa. Chukueni kalamu, mwandike barua hii fupi ya kumwachia nesi, kila mmoja katika daftari lake:

Kwa Muuguzi wa zamu,
Mgonjwa wa kitanda namba ........ ni jirani yetu. Jina lake ni ........ Ametoka nchi ya ........ Lugha anayoielewa ni ........ Dawa alizokuwa akitumia ni ........ Ndugu yake aitwa ........, simu yake ni ........ Mimi nitaleta uji kesho saa 1 asubuhi. Mkinihitaji usiku, nipigieni namba ........
Ni mimi jirani yake,
........