Miji Midogo Inayoongozwa na Bahari: Mafunzo Kutoka Uzi na Tumbatu

Katika lugha yetu neno "mji" halina kipimo. Mtu wa Unguja huita mji mahali alipozaliwa, hata kama pana nyumba chache na kisima kimoja. Na mtu huyo huyo akipanda gari kwenda Darajani kununua nguo atasema vilevile kwamba anakwenda mjini. Katika nchi nyingine mji ni jambo la sheria, yaani mahali huwa mji kwa kuwa serikali imepaandika hivyo katika daftari zake. Ndiyo sababu huko Marekani, katika jimbo la Nebraska, upo mji uitwao Monowi ambao sensa ya mwaka 2010 iliukuta na mkazi mmoja tu. Huko Croatia mji wa Hum, uliozungukwa na kuta za kale, una watu wachache sana. Na Adamstown, makao makuu ya kisiwa cha Pitcairn katika Bahari ya Pasifiki, una watu wapatao 50.

Habari za namna hii hupendeza kusoma, lakini swali la kisayansi lililo ndani yake ni jingine: mahali padogo panahitaji nini ili watu waweze kudumu hapo? Mambo ni mengi, ila mawili hayana badala, nayo ni maji ya kunywa na njia ya kutokea. Ili kuyachunguza hayo hatuna haja ya kusafiri hadi Pasifiki. Kusini mwa Unguja, mkabala na Unguja Ukuu, kiko kisiwa cha Uzi chenye vijiji vya Uzi na Ng'ambwa. Kaskazini-magharibi, mkabala na Mkokotoni, kiko kisiwa cha Tumbatu chenye Jongowe na Gomani. Wakazi wa visiwa hivi wameishi na maswali hayo mawili kwa vizazi vingi.

Hata Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao leo ni moyo wa jiji kubwa, ulikuwa karibu kisiwa. Rasi ya Shangani ilitengwa na Unguja kwa hori lililojaa maji bahari ilipojaa na kubaki tope ilipokupwa. Daraja lililojengwa juu ya hori hilo ndilo lililoacha jina la Darajani, na upande wa pili ukaitwa Ng'ambo. Hori lilifukiwa pole pole katika karne ya 20, kwa hiyo mwanafunzi anayepita leo sokoni Darajani anakanyaga mahali palipokuwa pakipitiwa na mitumbwi. Eneo la Mji Mkongwe lililoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 ni hekta 96 tu, yaani halifiki kilomita moja ya mraba.

Tuanze na njia. Kwa vizazi vingi njia ya miguu na ya magari kati ya Uzi na Unguja imekuwa barabara ya mawe iliyopita katikati ya mikoko, nayo hufunikwa na maji bahari inapojaa. Mgeni anayefika ukingoni na kukuta maji huambiwa angoje. Mwenyeji hangoji, kwa sababu ameshajua kabla ya kutoka nyumbani. Amejuaje?

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku wakati wa kujaa husogea mbele kwa dakika 50. Sababu ni kwamba chanzo kikubwa cha mwendo huu ni mvutano wa mwezi, na mwezi huchelewa kufika juu ya vichwa vyetu kwa muda huo huo kila siku. Jua nalo huvuta bahari, ingawa nguvu yake katika jambo hili haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huwa katika mstari mmoja na dunia na nguvu zao hujumlishana: hayo ndiyo maji ya bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, nguvu hizo hupingana, na wavuvi husema maji mafu. Katika bamvua kubwa tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa Unguja hukaribia mita 4. Katika maji mafu hupungua hadi mita moja hivi.

Sasa liko jambo ambalo wengi wa mwambao wanalijua kwa mazoea lakini wachache wamejiuliza sababu yake. Hapa Unguja, siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukupwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Haitokei bamvua ambayo maji yake yamejaa adhuhuri. Kwa nini, ikiwa wakati husogea kila siku? Jibu ni kwamba bamvua huja pale tu mwezi unapokuwa pamoja na jua au kinyume chake kabisa. Siku hiyo mwezi hupita utosini wakati jua linapopita, yaani adhuhuri, au wakati wa usiku wa manane. Maji kwa upande wake hufuata mwezi baada ya muda ambao kwa mahali pamoja haubadiliki sana, nao kwetu ni saa nne hivi, kutokana na umbo na kina cha bahari. Basi kila bamvua huja na saa zake zile zile. Bandari nyingine ulimwenguni zina saa zao, lakini kanuni ni hiyo moja.

Tumchukue mwanafunzi ambaye nyumba yao iko kisiwani na shule yake iko ng'ambo, na tuseme huondoka saa 1 asubuhi na kurudi saa 7 mchana. Siku ya bamvua maji yalijaa saa 10 alfajiri, kwa hiyo saa 1 yako nusu na yanashuka kwa kasi. Akisubiri kidogo atapita. Siku tatu au nne baadaye kujaa kumesogea kwa saa tatu: sasa maji yanajaa saa 1 asubuhi, wakati ule ule anaotaka kutoka. Baada ya juma moja, katika maji mafu, kujaa ni saa 4 asubuhi, ila maji hayapandi sana. Siku tatu au nne nyingine, kujaa ni saa 7 mchana. Atakwenda shule bila shida na atakwama wakati wa kurudi. Baada ya siku 14 na robo tatu hesabu huanza upya. Mwalimu anayeona mahudhurio ya mwanafunzi kama huyo yakipanda na kushuka asiseme upesi kwamba ni mvivu. Achukue kalenda ya mwezi aiweke kando ya daftari la mahudhurio.

Kwa mwanafunzi hasara ni kipindi kimoja au viwili vya masomo. Kwa mama aliyeshikwa na uchungu usiku, au mtoto mwenye homa kali, saa tatu za kungoja ni jambo jingine. Chombo kinaweza kutumika, lakini katikati ya mikoko, maji yakiwa nusu, mara nyingi hayatoshi mashua kuelea na yanazidi mtu kupita kwa miguu. Ni hali hiyo ya katikati, wala si bahari iliyojaa, iliyowatesa watu zaidi. Ndiyo maana madai ya daraja la kudumu ya wakazi wa huko hayakuwa madai ya anasa.

Saa hizo hizo za bahari hupanga kazi pia. Kilimo cha mwani, kilichoanza Unguja kama kilimo cha biashara mwaka 1989, hufanyika pwani maji yanapokupwa sana, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kwa kuwa bamvua hukupwa karibu na saa 4 asubuhi, siku za kazi kubwa ya mwani huanguka asubuhi hadi adhuhuri kwa siku kadhaa, kisha husita.

Tuje kwenye maji ya kunywa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mazito zaidi. Visiwa hivi vidogo havina mito. Ardhi yake kwa sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe ya kale, yenye matundu mengi kama sifongo. Mvua za masika na vuli hazitiririki juu. Huzama mara moja. Zikishazama hukutana na maji ya bahari, ambayo nayo yameingia ndani ya mawe hayo hayo kutoka kila upande. Kwa nini basi kisima cha kisiwani kinatoa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi?

Ni kwa sababu ya uzito. Lita moja ya maji ya mvua ina uzito wa gramu 1,000, na lita moja ya maji ya bahari gramu 1,025 hivi. Maji mepesi huelea juu ya mazito, na chini ya kisiwa hufanya tabaka nene katikati na jembamba pembeni, mfano wa kioo cha miwani. Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa utafiti wake, walionyesha mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 jinsi ya kukadiria unene wake. Mwanafunzi anaweza kuihesabu mwenyewe: nguzo ya maji baridi yenye mita 41 ina uzito sawa na nguzo ya maji ya bahari yenye mita 40, kwani 41 mara 1,000 ni 41,000, na 40 mara 1,025 ni 41,000. Kwa hiyo kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba mita 40 chini yake.

Hesabu hiyo inafurahisha hadi mtu anapoigeuza. Katika kisiwa kidogo chenye mawe ya matundu, maji baridi hayapandi mita nzima juu ya bahari. Tuseme yamepanda sentimita 20: tabaka lililo chini ni mita 8. Mtu akivuta maji kwa pampu hadi usawa wake ushuke kwa sentimita 5, chumvi chini hupanda mita 2 hali ikitulia. Kujaa na kupwa kwa bahari, kunakosikika hadi ndani ya visima vya karibu na pwani, huchanganya maji hayo na kulipunguza tabaka zaidi. Basi anayechimba kisima kirefu akidhani atapata maji mengi, anakwenda kuikuta chumvi mapema. Wazee waliochimba visima vifupi na kuteka kwa ndoo na kamba, pole pole, hawakuwa wajinga. Kamba yenyewe ilikuwa kipimo.

Mawe ya matundu yana hatari ya pili. Hayachuji uchafu vizuri, na choo cha shimo na kisima katika mahali padogo hawawi majirani wema. Mji Mkongwe ulilijua hilo kwa msiba: katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi sana, na tabibu James Christie, aliyekuwapo, alikiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1876. Ni Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, aliyeleta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu, mbali na visima vya rasi.

Tumbatu inaonyesha kwamba udogo wa mahali hauzuii ustawi. Yaqut, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, aliandika kwamba watu wa Unguja walikuwa wamehamia Tumbatu. Karibu na Jongowe, mahali paitwapo Makutani, yapo magofu ya mji wa mawe wa zama hizo, pamoja na msikiti mkubwa ulioelekea bahari. Watu wa mji huo walijenga kwa matumbawe na chokaa. Mji wao uliachwa karne nyingi zilizopita, lakini kisiwa hakikuachwa. Kitumbatu, lahaja yenye maneno na sauti ambazo watu wa mjini huzisikia kama ngeni, bado kinazungumzwa huko.

Mwalimu anayetaka kulionyesha tabaka la maji darasani achukue bilauri ya maji yaliyokorogwa chumvi nyingi, kisha amimine juu yake, kwa kijiko na bila haraka, maji ya mvua yaliyotiwa rangi kidogo. Rangi itabaki juu. Halafu mwanafunzi mmoja aweke mrija katika rangi na anyonye kwa nguvu, na wenzake watazame mpaka kati ya maji hayo mawili unavyopanda chini ya mdomo wa mrija.