Wakili wa serikali naye yafaa arudi darasani

UKITEMBEA katika barabara ya Harambee jijini Nairobi, utapita mbele ya jumba liitwalo Sheria House. Ndimo ilimo afisi ya Mwanasheria Mkuu. Asubuhi utawaona wanaume kwa wanawake waliovalia suti nyeusi wakitoka mbio, faili kwapani, kuelekea mahakamani.

Yamkini hujapata kuwatazama mara mbili. Lakini hao, msomaji, ni mawakili wako. Hukuwaajiri kwa mkono wako, ila mshahara wao hutoka katika kodi unayokatwa wewe na jirani yako. Wakishinda kesi, pesa zako hubaki hazina. Wakishindwa, utalipa hata kama hukujua kesi yenyewe ilihusu nini.

Ndiposa leo nakuuliza swali ambalo ni nadra kuulizwa. Mawakili hawa wakishatoka chuoni na kuandikwa kazi, ni nani huwaendeleza katika taaluma yao?

Wakili mwenye afisi yake mjini anajua vizuri kwamba asiposoma sheria mpya, wateja watamkimbia. Yule wa serikali mteja wake ni mmoja tu, na mteja huyo hakimbii. Ajue asijue, mwisho wa mwezi mshahara utaingia. Hapo ndipo hatari ilipo.

Tuanzie mbali kidogo. Enzi za ukoloni, Mkenya Mwafrika aliyetamani uwakili ilimbidi kuvuka bahari, aghalabu hadi London. Kamati iliyoongozwa na jaji Mwingereza, Lord Denning, ilitoa ripoti mwaka wa 1961 kuhusu elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika. Mwaka huo huo kitivo cha sheria kikafunguliwa Dar es Salaam, na mwaka wa 1963 kikaanzishwa chuo cha mawakili hapa Nairobi, ambacho sasa kiko mtaa wa Karen. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata kitivo chake mwaka wa 1970.

Katika chuo hicho cha Karen, mwenye shahada ya sheria husoma masomo tisa kabla ya kuapishwa kuwa wakili. Hufunzwa kesi za madai na za jinai, urithi wa mali ya marehemu, uuzaji wa mashamba na nyumba, mikataba ya kibiashara, maadili, hata namna ya kuendesha afisi ya uwakili. Ni masomo mazuri. Lakini hebu yaangalie tena. Mengi yanamtayarisha mtu anayetarajia kufungua mlango wake mwenyewe na kungoja wateja.

Sasa mchukue kijana huyo umtie serikalini. Juma la kwanza analetewa kandarasi ya barabara yenye kurasa mia kadhaa. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka wa 2015 inasema kandarasi yoyote inayozidi Sh5 bilioni lazima ipitiwe na Mwanasheria Mkuu kabla ya kutiwa sahihi. Mwanasheria Mkuu ana macho mawili tu kama wewe na mimi. Atakayeanza kuisoma neno kwa neno ni afisa wa chini. Je, anajua mwanya unaojificha katika kipengele kinachosema mzozo utasikizwa Geneva, kwa sheria ya nchi nyingine, na fidia ilipwe kwa dola?

Anglo Leasing ilitufunza somo hilo kwa bei ghali. Mwaka wa 2014 serikali ililipa takriban Sh1.4 bilioni kwa kampuni mbili za sakata hiyo, baada ya Kenya kushindwa katika mahakama za ng'ambo. Sisemi kwamba ni kutosoma kwa mawakili kulikoleta Anglo Leasing. Ufisadi ndio mama mzazi. Lakini mkataba ukishatiwa sahihi, majaji wa ugenini husoma kilichoandikwa karatasini, hawasomi machozi ya Wakenya.

Upande wa pili upo pia, na wafaa kusimuliwa. Huko Kwale kuna mlima wa Mrima, wenye msitu wa kaya na madini ya thamani chini yake. Mwaka wa 2013 kampuni moja ilipewa leseni ya kuchimba, kisha waziri akaifuta mwaka huo huo. Wenye kampuni wakaishtaki Kenya katika jopo la usuluhishi lililo chini ya Benki ya Dunia kule Washington, wakidai takriban dola 2 bilioni. Oktoba 2018 Kenya ilishinda. Jopo liliona kwamba leseni yenyewe haikufuata sheria, kwani uchunguzi wa athari kwa mazingira ulioagizwa na sheria zetu haukuwa umekamilishwa inavyotakikana.

Kesi ya namna hiyo haishindwi kwa sauti kubwa mbele ya jopo. Hushindwa na anayejua ni karatasi gani itafutwe katika afisi ya misitu, ya mazingira na ya migodi, na anayeelewa ina uzito gani. Ujuzi huo haumo katika masomo tisa ya Karen. Hupatikana kwa miaka, na kwa kuketi karibu na aliyeuona mchezo huo zamani.

Lakini pengine wewe huoni lako katika mambo ya Washington. Basi turudi nyumbani, kwenye kaunti.

Tangu 2013 tuna kaunti 47, na kila moja ina bunge linalotunga sheria. Maana yake ni kwamba tulihitaji ghafla waandishi wa miswada katika pembe zote za nchi, nchi ambayo kazi hiyo ilikuwa imefanywa na watu wachache mno jijini Nairobi. Kuandika mswada ni ufundi wa peke yake. Neno moja likiwa "au" mahali pa "na", mwenye kibanda anajikuta akidaiwa leseni mbili badala ya moja.

Kiambu ndiko kulikotoka funzo. Kaunti hiyo ilipitisha sheria yake ya fedha ya mwaka wa 2013, yenye ada na ushuru wa kila aina. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka wa 2014 Jaji George Odunga akaifuta sheria nzima kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alisema haitoshi kuweka tangazo na kunyamaza, na kwamba wananchi wafuatwe makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na katika redio za lugha za mama. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye.

Fikiria hasara hiyo. Vikao vya bunge, marupurupu, uchapishaji na matumaini ya bajeti, vyote vikaanguka kwa jambo ambalo wakili aliyesoma Katiba ya 2010 kwa makini angelionya mapema. Siku hizi mwanasheria wa kaunti aliye macho huhifadhi orodha ya waliohudhuria baraza, nakala ya tangazo la redio na maoni yaliyotolewa, kwa kuwa anajua kesi inaweza kuja. Mwaka wa 2020 Bunge lilipitisha sheria maalumu ya kuunda afisi ya mwanasheria wa kaunti. Afisi ipo, lakini mafunzo ya walio ndani yake yanategemea fungu ambalo bajeti ikibana huwa la kwanza kukatwa.

Waendesha mashtaka nao wana yao. Kabla ya mageuzi ya Katiba mpya, kesi nyingi mbele ya mahakimu ziliendeshwa na maafisa wa polisi. Sasa kazi hiyo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na afisi yake imejiwekea chuo chake jijini Nairobi. Haja ni kubwa. Aliyehitimu 1998 hakupata kusikia neno M-Pesa, kwa sababu huduma hiyo ilianza 2007. Leo mama mboga anatapeliwa kwa simu, na ushahidi wote umo ndani ya mtambo. Sheria ya ushahidi inadai rekodi ya namna hiyo iletwe pamoja na cheti cha mtu anayehusika na mtambo uliotoa rekodi hiyo. Mwendesha mashtaka akisahau cheti, ushahidi unaweza kukataliwa na tapeli akatoka akitabasamu.

Je, mafunzo yapo? Yapo. Chama cha Mawakili kimekuwa kikitaka wanachama wapate pointi 5 kila mwaka kwa kuhudhuria masomo ya kujiendeleza. Huko Lower Kabete, kilipokuwa chuo cha KIA tangu 1961, maafisa wa serikali husoma kozi ya usimamizi ya majuma manne, na wakubwa ile ya uongozi ya majuma sita. Vyeti hivyo huhesabiwa wakati wa kupandishwa cheo.

Nina shaka kidogo, hata hivyo. Kozi ya uongozi humfunza wakili kuwa meneja, haimfunzi kuandika mswada. Na semina za hoteli za Naivasha na Mombasa tunazijua: hotuba ya ufunguzi, chai na sambusa, picha ya pamoja, sahihi ya marupurupu. Pointi zimepatikana, lakini wakili amerudi na nini zaidi ya begi lenye nembo?

Maoni yangu ni kwamba darasa kubwa la wakili wa serikali ni dawati la aliyemtangulia. Afisa mchanga akiandika ushauri, mkubwa wake auchore kwa kalamu nyekundu na kumweleza kwa nini. Hili halihitaji hoteli. Linahitaji wakubwa wasiohama. Taabu ni kwamba mara nyingi afisa akishaiva, akishajua mikataba na usuluhishi wa kimataifa, kampuni za kibinafsi humwita kwa mshahara maradufu. Serikali hubaki na mwanafunzi mpya, kisha kesi kubwa ikija inaikodi kampuni ile ile kwa ada ya kutisha.

Wapo wanaobaki. Dorcas Oduor, aliyeapishwa Agosti 2024 kuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa Mwanasheria Mkuu nchini, alipanda ngazi kwa miaka mingi katika kazi hii ya mashtaka ya umma.

Nawe mwanafunzi wa sheria unayesoma ukurasa huu, au mzazi unayemlipia karo, jua kwamba ile miezi sita ya kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu si lazima ifanyiwe katika kampuni ya mjini. Afisi ya Mwanasheria Mkuu na ile ya mashtaka ya umma pia hupokea wanagenzi. Nafasi ni chache, kwa hivyo andika barua mapema. Ukikubaliwa, usiridhike na kubeba faili hadi Milimani na kurudi. Omba uketi na mwandishi wa miswada japo majuma mawili, umwone akibishana na wizara juu ya neno moja. Mwombe akupe rasimu ya kwanza ya sheria unayoijua na ile iliyopitishwa, uzilinganishe mwenyewe jioni nyumbani.