Mpinzani Akiruka, Dabo Ndilo Jibu la Kwanza

Katika briji, mchezo wa karata wa watu 4 wanaocheza wawili wawili, mengi huamuliwa kabla karata ya kwanza haijatupwa mezani. Kwanza hufanyika mnada: kila mmoja kwa zamu hutaja dau, yaani turufu anayoitaka na ngazi anayoahidi. Dau la 3 ni ahadi ya kushinda mizunguko 9 kati ya 13, maana 6 ya kwanza haihesabiwi. Tuseme mwenzi wako amefungua kwa uru 1, na mpinzani anaruka moja kwa moja hadi shupaza 3. Kwa kawaida mtu huyo ana shupaza 7 hivi na nguvu kidogo. Anachotaka ni kuwanyima nafasi ya kuelewana. Kati ya uru 1 na bila turufu 3 mlikuwa na madau 12 ya kuelezana mikono yenu. Ameyafuta yote kwa mkupuo mmoja.

Kosa kubwa hapa ni kung'ang'ania dau lililo bora kabisa, kana kwamba nafasi ile ingalipo. Busara ni kuchagua jibu linaloacha njia nyingi wazi, na mara nyingi jibu hilo ni dabo, yaani tamko linaloongeza malipo na adhabu ya dau la mpinzani. Zamani dabo la namna hii lilikuwa tishio la adhabu kwa wapinzani. Mwaka 1957 Wamarekani Alvin Roth na Tobias Stone waliligeuza kuwa ujumbe kwa mwenzi, likaitwa Sputnik, kwa jina la satelaiti ya Wasovieti iliyorushwa mwaka huohuo. Tuseme umeshika shupaza 8 na 3. Kopa ree, malkia, 9 na 4. Uru mfalme, 7 na 2. Pau mfalme, 10, 6 na 2. Ree ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2: jumla 12. Ukitaja bila turufu 3, huna cha kuzuia shupaza. Wapinzani wakishinda mizunguko 5 tu, mmeanguka. Ukitaja kopa 4, huenda mwenzi ana kopa 2. Ukipiga dabo, umemwambia una kopa 4 na nguvu ya kutosha. Akiwa na kopa 4 atazitaja, akiwa na kizuizi cha shupaza atakwenda bila turufu 3, na akikosa yote mawili atarudi kwenye uru.

Wapo watakaosema dabo humsukuma mwenzi hadi ngazi ya 4 bila kupenda. Ni kweli, ndiyo maana katika ngazi hii halipigwi kwa mkono ulio chini ya pointi 10 hivi. Wengine wataona ni salama kupasi. Lakini mpinzani asiye hatarini, yaani asiye katika hali ya adhabu kubwa zaidi, akianguka kwa mizunguko 2 bila dabo, mnaambulia pointi 100. Bila turufu 3 ikitimia ni 400 au zaidi. Na mwenye shupaza nyingi nzuri, anayetamani adhabu? Apasi kwa utulivu. Mwenzi aliye na shupaza chache atapiga dabo zamu yake ikifika, naye mwenye shupaza atapasi tena, na adhabu itapatikana.

Hata hivyo, haya yote hufanya kazi pale tu wenzi wawili wanapolielewa dabo kwa namna moja. Kabla ya kugawa karata, kubalianeni litakuwa ujumbe hadi ngazi gani, na kuanzia wapi litakuwa adhabu.