Likizo Moshi, mtoto halali!

Krismasi iliyopita tulipanda basi alfajiri, Dar hadi Moshi. Mwanangu wa miezi 8 akauchapa usingizi njia nzima. Usiku sasa, kasheshe! Kila shangazi anataka kumbeba, redio inaunguruma, saa tano mtoto macho makavu. Baba yake akanuna, mimi nikajificha jikoni nikalia.

Mama mkwe akanifuata: "Mwanangu, kwenu analalaje?"

Nikamweleza: saa moja na nusu anaoga, ananyonya, anatandikiwa khanga yake ileile, taa inazimwa.

"Basi na hapa iwe hivyohivyo." Akaenda kuzima redio mwenyewe!

Usiku wa tatu alilala fofofo. Shoga, ukisafiri, beba ratiba ya mtoto kama unavyobeba nepi. Na chandarua usisahau!