Kisangani: Pale Meli Zinapokomea
Ukitazama ramani ya Kongo, si rahisi kuona kwa nini mji mkubwa kama Kisangani uwe katikati ya msitu, mbali na bahari na mbali na mji mkuu. Sababu iko mtoni. Kuanzia Ubundu, mto Lualaba huteremka kwa hatua saba, ndiyo Maporomoko ya Boyoma, katika mwendo wa takriban kilomita 100. Mteremko wote ni kama mita 60 tu, wala hakuna hatua inayotisha kwa urefu, lakini meli haipiti. Baada ya poromoko la mwisho mto huitwa Kongo, na chombo kinaweza kwenda hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, bila kukutana na kizuizi kingine cha aina hiyo. Nashikilia kwamba kinachozaa mji si ukubwa wa maporomoko bali ni kukatika kwa njia ndefu ya maji. Chombo kikilazimika kusimama, mzigo hushushwa. Mzigo ukishushwa hutafutiwa ghala na wapagazi, wapagazi nao hutaka chakula na pa kulala, na hakosi kutokea mtu wa kutoza ushuru.

Tazama maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Yana urefu wa mita 108 na sifa yake imeenea duniani, lakini hayakuzaa bandari, kwa kuwa chini yake Zambezi huingia kwenye makorongo membamba ambamo meli haina pa kwenda. Mji wa Livingstone, ulio karibu nayo, ulikuja kukua kwa reli, ambayo daraja lake lilikamilika 1905. Pingamizi zito zaidi linatoka Boyoma penyewe: ikiwa siri ni kushusha mzigo, mbona Ubundu, ulioko juu ya maporomoko hayohayo, umebaki mji mdogo? Tangu 1906 reli ya kilomita 125 imeiunganisha miji hii miwili, kwa hiyo mzigo ulioshushwa huku ndio uliopakiwa kule. Tofauti ni urefu wa maji. Kutoka Ubundu kwenda juu, meli hufika Kindu, kama kilomita 300 hivi, ikakwama tena. Kisangani uko upande wa maji marefu, yenye mito mikubwa inayoingia kutoka pande zote za bonde.

Wapo wanaosema mji huu ni kazi ya watawala tu. Ni kweli kwamba msafiri Stanley alipita hapo Januari 1877, kituo kikajengwa Desemba 1883, watu wa Zanzibar wakakiteka 1886, na mwaka uliofuata Mfalme Leopold wa Ubelgiji akamfanya Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, kuwa liwali wa hapo. Lakini kwa nini wote hao waligombania mwamba uleule? Wagenia, wavuvi wa hapo, walikuwapo kabla yao. Husimika magogo katika mashimo ya mwamba, katikati ya maji yanayochemka kwa kasi, wakayafunga kwa kamba za mimea ya msituni, kisha wakaning'iniza migono mikubwa yenye umbo la pia. Samaki husukumwa ndani na nguvu ya mkondo, na nguvu hiyohiyo humzuia kutoka. Maji yanayomshinda nahodha ndiyo yanayomlisha mvuvi. Hata lugha zilikutana hapo: Kiswahili kiliteremka na misafara kutoka mashariki, Kilingala kikapanda na meli kutoka Kinshasa, na hadi leo mji unazizungumza zote mbili.

Atakayesema kwamba ndege na barabara zimeyamaliza hayo, aangalie vita vya 1998 hadi 2003. Nchi ilipogawanyika, usafiri wa mto kati ya Kinshasa na Kisangani ulikatika, na mji uliozoea kuletewa bidhaa kwa majahazi ukabaki umefungiwa msituni. Ndege zilileta kidogo na kwa gharama kubwa. Saruji, chumvi na magogo si mizigo ya angani. Ndiyo maana naona mpango wowote wa kuifufua Kisangani unapaswa kuanza na gati zake na ile reli ya Ubundu iliyochakaa, kabla ya kufikiria uwanja mpya wa ndege.